Sauti ya Tatu na Nusu

Mjerumani aliyepanga chumba changu cha uani pale Karatu alikuwa amekufa mara nyingi sana kabla hajafa. Alikufa kwa upanga, kwa sumu, kwa kuzama, kwa kulaaniwa na mapadri. Alifia katika miji ambayo mimi siwezi hata kuitamka, mbele ya watu waliovaa suti na kumpigia makofi. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwimbaji wa opera, na opera, kama alivyonieleza akiwa ameketi kwenye kigoda changu na kikombe cha chai ya rangi mkononi, ni mchezo ambao watu hawaongei, wanaimba tu, na mwenye sauti nzito hapewi mchumba.

"Wenye sauti nyembamba wanapata mwanamke, Mama Mwajabu," alisema. "Sisi tunapata kaburi."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ilikuwa mwaka 1978, na wakati huo nilikuwa bado namcheka.

Jina lake lilikuwa Lothar Wiesenkamp, sisi tukamwita Mzee Lota. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, mjane. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba Karatu na kiduka cha mabati kule Nainokanoka, juu milimani, katikati ya maboma ya Wamasai. Wiki hii nipo chini, wiki ijayo nipo juu, nikidandia lori lolote linalopanda. Nauza unga, chumvi, tumbaku, shuka, na sukari ikipatikana. Watu husema nina mdomo. Ninao, na ndio ulioniweka mjini.

Baba yake Lota alikuwa mchimba makaa ya mawe, na wachimbaji wa mji wao walikuwa na kwaya. Huko ndiko mtoto alikoanzia. Akiwa bado kijana mdogo akapelekwa vitani, akatekwa, akawa anaimba kambini ili aongezewe supu. Vita vilipokwisha mwalimu mmoja akamchukua na kumfundisha, na tangu hapo aliimba miaka na miaka katika majumba ya miji ya kati na kati, leo mfalme, kesho askari jela, keshokutwa shetani. Alikuwa na picha yake amevaa pembe. Watoto wa jirani waliiona mara moja tu, wakaacha kuja kuomba maji uani kwangu.

Shida yake ilikuwa kwamba sauti yake haikuwa huku wala kule. Kwao inaitwa besi-baritoni. Kwaya za kwetu zina sauti nne, mbili za wanawake na mbili za wanaume, na alipofika kanisani kuwa mwalimu wa kwaya, katekista Felisiani alimuuliza yeye huimba sauti ya ngapi. Akaeleza kwa mikono, hapa si ya tatu, hapa si ya nne, hapa katikati. Basi, ikawa imekwisha. Karatu nzima ikamwita Mwalimu Tatu na Nusu, hata sisi Waislamu ambao kanisani hatuingii.

Mara moja tu aliitwa kwenye jumba kubwa, Berlin, baada ya mwimbaji wao kuugua. Aliimba mfalme. Kesho yake gazeti likaandika kwamba sauti ya Bwana Wiesenkamp ni mlango mzuri usioelekea popote. Hawakumwita tena. Maneno hayo alinitafsiria si mara moja, na kila mara alikuwa na uso wa mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Nikamwambia mwandishi huyo angekuja Karatu ningemwonyesha mlango unaoelekea nje.

Mkewe alipofariki akaja Ngorongoro kama mtalii. Gari lao likanaswa na ukungu karibu na Nainokanoka, na hapo ndipo yalipomkuta.

Ukungu wa kule juu asiyeujua hawezi kuelewa. Unashuka mchana kweupe, na mtu aliyekuwa anaona ng'ombe wake ng'ambo ya bonde haoni tena vidole vyake. Ukipaza sauti nyembamba inatawanyika, unadhani unaitwa kutoka kila upande. Kwa hiyo kwenye boma alikokuwa akiishi rafiki yangu, ukungu ukishuka mwanamume mmoja husimama langoni na kunguruma kwa koo, chini kabisa, vile morani wanavyonguruma kwenye ngoma. Mngurumo hautawanyiki. Unatambaa na nyasi mpaka unamfikia aliyepotea. Mtoto wa pale, kabla hajajua kuhesabu mbuzi, anajua kwamba kwenye ukungu sauti nzito ipo langoni. Haulizi. Anaifuata.

Siku hiyo aliyekuwa langoni ni Koinet, mwenye kifua kipana kuliko wote. Lota akashuka kwenye gari, akaifuata sauti akipapasa, akafika mbele ya Koinet akasimama pale akalia. Alinieleza mwenyewe, bila haya. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba sauti yake ni mlango usioelekea popote, na hapa akakuta watu ambao kwao sauti kama ile ndiyo lango la nyumbani. Akarudi kwao, akauza piano, akaomba kazi ya kufundisha kwaya, akaja moja kwa moja.

"Mzee," nilimwambia, "umeacha umeme kwa sababu ya mtu anayeita wenzake kula?"

"Ndiyo," akasema. Alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Sasa huyo rafiki yangu niliyemtaja. Wamasai hawalitaji jina la mtu aliyekufa, lakini mimi si Mmasai na nitalitaja: Nalotuesha, mke wa Senteu. Alinipokea nilipofika Nainokanoka mara ya kwanza, mwanamke wa mjini mwenye viatu visivyofaa, akanipa maziwa na akanicheka. Miaka yote ile hakuna aliyenisema mbele ya uso wangu nikakubali, ila yeye. Alikuwa na binti mmoja, Nanyokie.

Lota alianza kupanda milimani kila alipopata nafasi, ati kuifundisha kwaya ya kule. Alikuwa na adabu. Langoni ni pa Koinet na hakutaka kumwingilia, kwa hiyo alijitafutia mahali pake pa kufanyia mazoezi: juu ya genge la Munge, pale mto unapotoka mlima Olmoti na kuanguka chini ghafla. Mwamba wa ng'ambo ulimrudishia sauti yake, akaupenda. Siku za jua tulimsikia kutoka mbali. Wanawake walisema ni ng'ombe aliyekwama kuzaa, na Nalotuesha alimwiga vizuri kuliko wote, mkono kifuani, macho juu. Hakuna aliyemwambia asiimbie pale, maana hakuna aliyeona ubaya.

Ukungu ulishuka mwezi wa saba mwaka 1979, Nalotuesha akiwa amekwenda kutafuta kuni. Koinet akasimama langoni akaanza kunguruma kama ilivyo desturi. Na kule gengeni Lota, alipouona ukungu unamjia, alifurahi. Alidhani sasa naye anaweza kusaidia. Alikuwa mtu wa kwaya, na kwenye kwaya besi mbili ni bora kuliko moja. Akavuta pumzi akaimba kwa nguvu zake zote ili aliyepotea asikie vizuri zaidi.

Nalotuesha alikuwa karibu na Munge kuliko nyumbani. Alisikia sauti nzito, akaifuata kama alivyoifuata tangu utotoni.

Walimkuta chini ya maporomoko, mzigo wa kuni bado umefungwa mgongoni kwa mkanda wa ngozi.

Wazee wakaketi. Mzee Ngoitiko, mkubwa wao, akasema mgeni hakuua kwa mkono wala kwa nia, na boma halitaki ng'ombe wake wa fidia. Linataka jambo moja. Sauti ile isisikike tena mlimani. Lota alikuwa amesimama kofia mkononi, na nilipomtafsiria akainamisha kichwa. Senteu hakumtazama. Tangu siku hiyo hakumsemesha.

Mimi niliteremka Karatu nikamtolea mizigo yake nje. Picha ya pembe niliitupa juu kabisa ya lundo. Alilala kwenye stoo ya kanisa mpaka walipompa chumba, na sikumwonea huruma hata chembe. Nilikuwa namchukia. Nilichukia hata namna alivyofunga vifungo vya koti.

Wazee walimkataza mlimani, yeye akaacha kuimba kila mahali. Felisiani alinihadithia kwamba kwaya aliifundisha kwa vidole, na noti akiitoa kwa filimbi ndogo ya mfukoni. Watu walijua mwalimu amekuwa bubu wa kuimba, wakazoea, maana mtu huzoea. Lakini hakuacha kupanda Nainokanoka. Alikuja na lori, akaketi kwenye benchi la duka langu, akanunua tumbaku ambayo hakuivuta, akashuka.

"Kwa nini usirudi kwenu?" nilimuuliza siku moja, na sikumuuliza kwa wema.

"Kwetu wataniuliza mbona siimbi."

"Na hapa?"

"Hapa wanajua."

Jibu hilo likaniudhi zaidi. Nanyokie alikuwa ameingia dukani wakati huohuo, mtoto wa miaka mitano au sita aliyeniita yeyo, mama kwa Kimasai, amekuja kutazama peremende. Nikamshika mabega nikamgeuza amtazame yule mzungu.

"Nguruma kidogo, Mwalimu," nikasema. "Mtoto aijue."

"Wazee wamekataza."

"Mlimani wamekataza. Hapa ni dukani kwangu."

Alivua kofia. Kisha akaimba, polepole, midomo haijafunguka vizuri, mstari mmoja wa mfalme fulani wa kwao. Mabati yalitetemeka. Mtoto akajificha nyuma ya gunia la chumvi.

"Umeisikia?" nikamwambia. "Ukiisikia sauti hii kwenye ukungu, ipe mgongo. Usiulize, usisimame kusikiliza. Ipe mgongo, utembee."

"Niipe mgongo," alisema Nanyokie.

"Sema tena."

Akasema tena. Lota alikuwa anatazama sakafu. Nilitaka imuume na ilimuuma, nikaona vizuri. Watoto wakaligeuza kuwa mchezo: mmoja ananguruma kama Mjerumani, wengine wote wanageuka na kukimbia. Walicheza hivyo mbele ya duka, naye Lota ameketi palepale bencheni. Wakati mwingine aliwachekea.

Ikaja 1982, mwaka wa kiangazi kibaya. Wanaume wenye nguvu walikuwa wameteremka na ng'ombe mbali kutafuta majani. Koinet alikuwa amempeleka mama yake hospitali Wasso, na kwenda Wasso si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Senteu alikuwa amebaki kwa sababu ya mguu uliochomwa na mwiba. Nanyokie alikuwa mkubwa sasa, anachunga wana-kondoo.

Nilikuwa dukani napima unga, Lota yupo bencheni, ukungu uliposhuka. Uliingia mpaka ndani, sikuuona mzani wangu. Halafu nikasikia wanawake wanaita, "Nanyokie! Nanyokie!" kwa zile sauti nyembamba zinazokwenda kila mahali na zisifike popote. Nilitupa kibaba nikakimbia langoni, nikipapasa ua. Nilimsikia Lota akija nyuma yangu.

Langoni Mzee Ngoitiko alikuwa anajaribu. Alivuta pumzi akanguruma, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena. Mzee wa watu alikuwa amebaki na mifupa na blanketi. Vijana waliokuwepo walikuwa watoto, koo zao bado za mbuzi. Wanawake walikuwa wanalia sasa, maana kila mmoja alikumbuka mama wa mtoto huyu alifia wapi.

Senteu akaja akichechemea kwa fimbo, akasimama mbele ya Lota. Miaka mitatu hakuwa amemsemesha.

"Mjerumani," alisema. "Lango hili hapa. Simama. Ita mtoto yangu."

Lota akafungua mdomo. Niliona kifua chake kikijaa, na hapo nikakumbuka, na nikapiga yowe.

"Usiimbe! Atakukimbia!"

Wote wakanigeukia. Nikasema nilichomfundisha mtoto. Nilisema mbele ya baba yake, kwamba akisikia sauti ile ataipa mgongo, na akilipa lango mgongo, mbele yake ni Munge. Senteu akaketi chini kwenye samadi.

Lota alikuwa ameganda, pumzi bado kifuani. Akaitoa polepole.

"Amepeleka kondoo wapi?" akauliza.

"Huko huko," alisema Ngoitiko. "Munge."

Alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni, kimoja kimoja, kama mtu anayetoka kwenda kazini. Akaingia kwenye ukungu. Nilidhani anakimbia aibu, nikamtusi. Nilimtusi matusi ya Kondoa ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nikiwa msichana, na najua aliyasikia, maana hakuwa bado amefika mbali.

Tukaendelea kuita. Sijui ilipita muda gani. Kisha kutoka kule mbali, kutoka genge la Munge, ikapanda ile sauti.

Mwanamke mmoja alipiga kelele kwa hofu. Senteu akasimama bila fimbo. Ngoitiko akainua mkono tunyamaze, akasikiliza, kichwa kimeinama, na uso wake ukabadilika.

"Anamswaga," alisema. "Amekwenda kusimama nyuma ya mtoto. Anamswaga aje nyumbani."

Nikaelewa.

Aliimba kila kitu. Aliimba wafalme wake wote, na mashetani wake, na mapadri. Sauti haikukaa mahali pamoja, ilikwenda na kurudi kwenye ukingo wa genge, upande huu, upande ule, ili mtoto asipate upenyo wa kupita. Miaka mitatu ilikuwa imefungiwa, na sasa ilitoka nzima, kubwa, hata ardhi uliisikia ikitetemeka chini ya nyayo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba kwa nguvu zake zote hivyo. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri.

Wa kwanza kufika walikuwa wana-kondoo. Walitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, na nyuma yao Nanyokie, shuka limelowa, anatembea haraka bila kugeuka.

"Nimeisikia ile sauti," alisema, akitweta. "Nikaipa mgongo, kama yeyo Mwajabu alivyonifundisha. Kila nikigeuka ilikuwa nyuma yangu."

Wanawake wakamvamia. Mimi sikumgusa. Nilikuwa nasikiliza, kwa sababu kule gengeni bado alikuwa anaimba. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto amefika. Tulipaza sauti, "Lota! Mwalimu! Amefika!" lakini sauti zetu nyembamba zilitawanyika palepale mbele ya nyuso zetu, na Koinet alikuwa Wasso. Yeye aliendelea kutembea ukingoni na kuimba. Angeendelea mpaka apewe habari.

"Mimi nakwenda," alisema Senteu.

Nikamwambia atavunjika. Akaniambia njia anaijua, aifuate sauti tu. Akaondoka na fimbo yake, mtu wa kwanza kuifuata sauti ile tangu mkewe.

Ilikatika katikati ya neno. Haikufifia, haikupasuka. Ilikuwepo, halafu ukawa unasikia mto tu.

Senteu alikuwa karibu. Alituambia baadaye kwamba sauti ilipokatika hakujua tena ukingo uko wapi, akaketi chini pale alipo, akakaa. Jioni upepo ukaufagia ukungu. Alijikuta ameketi urefu wa ng'ombe mmoja kutoka gengeni. Chini, kwenye mawe, aliliona koti.

Tulimzika Karatu, kwenye uwanja wa kanisa. Mimi niliingia hapo kwa mara ya kwanza, mtandio wangu kichwani, na asiyependa angeniambia. Hakuna aliyeniambia. Wamasai walishuka na lori, Senteu, Ngoitiko, wanawake wa boma, na jina lake hawakulitaja tena, kama wasivyolitaja la mtu wao yeyote aliyekufa. Kwaya iliimba sauti zote nne. Mahali fulani kati ya ya tatu na ya nne palikuwa na shimo, na kila aliyekuwepo alilisikia.

Watu wakapita mmoja mmoja kutupa udongo. Ilipofika zamu ya Nanyokie, baba yake alimsukuma taratibu mbele. Mtoto alisimama ukingoni akatazama chini kwenye lile sanduku. Kisha akageuka, akalipa kaburi mgongo, akasimama hivyo, mikono kando, amenyooka.

Felisiani akasogea kumrekebisha. Nikamshika mkono.

"Mwache," nilimwambia. "Hivyo ndivyo alivyofika nyumbani."